Kanisa la Oili

Ilianza Jumapili ya pili ya likizo ya Aprili, saa nne na robo asubuhi. Saa naijua kwa sababu nilikuwa nimesimama mbele ya kanisa zima nikisoma, na kila nilipoogopa macho ya watu niliinua yangu hadi kwenye saa iliyo juu ya mlango. Safari hii niliporudisha macho kwenye karatasi yalikwama njiani. Ukuta wa kushoto, ule tulioupaka rangi nyeupe siku mbili kabla, ulikuwa unatoa jasho.

Jasho la kahawia. Tone moja lilichomoza mahali mbao mbili zinapokutana, likanenepa, likashuka polepole likiacha mstari kama wa chai iliyomwagikia kitambaa. Chini ya mstari huo alikuwa amekaa mgeni wetu, mama mzee wa kizungu aliyevaa gauni la rangi ya maziwa. Alikuwa ameegemea ukuta, ananisikiliza huku mchungaji akimtafsiria sikioni.

Nilitakiwa kusema, "Mama, sogea." Maneno mawili tu. Sikusema. Nilikuwa nimefika kwenye sentensi ya lori la mbao, nikaendelea nayo hadi mwisho, nikaanza nyingine.

Kanisa letu ni la Kilutheri, la mbao tupu, na ni la zamani kuliko mama yangu. Mmisionari aliyelijenga alitoka mji mmoja wa kaskazini kabisa mwa dunia, ambako wakati wa baridi jua halichomozi na theluji hufika madirishani. Alijenga kanisa alilolijua. Ndiyo maana paa letu limesimama wima namna ile, ili theluji iteleze isirundikane. Hapa Isiolo, penye jua na vumbi. Tangu lijengwe, vitu vilivyoteleza kwenye paa hilo ni vumbi la njia ya Moyale na mipira ya watoto.

Mbao ni za mwerezi. Zililetwa na lori kutoka misitu ya juu, upande wa Meru, na mafundi walikuja wamekalia mbao hizo hizo. Mmoja wao alikuwa baba ya shosho, nyanya yangu, aliyekuja kujenga akabaki. Shosho alikuwa mtoto wa kubeba misumari kwenye kikombe cha bati. Mpaka leo anaweza kukuonyesha mbao ambazo baba yake alizipiga randa, karibu na dirisha la pili, na hapo ndipo hukaa kila Jumapili. Alibatizwa humo, akaolewa humo, na amesema mara nyingi, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi dukani, kwamba siku yake ikifika atatolewa kupitia mlango ule ule.

Mwaka huu haikuwa hakika kwamba mlango huo ungekuwepo. Wazee wa kanisa walikuwa wamegawanyika. Wengine walitaka tubomoe tujenge la mawe, kama makanisa mengine ya mjini. Wengine walikataa. Mwishowe walikubaliana wangoje wageni. Binti ya yule mmisionari, ambaye sasa mwenyewe ni bibi, alikuwa anakuja na watu wawili wa kanisa la kwao. Wakiona mbao bado ni nzima watasaidia kulitengeneza. Wakiona zimeoza, basi.

Sasa niseme kuhusu oili, kwa sababu bila oili hakuna hadithi.

Shosho anasema kanisa halikuwa limemaliza mwaka mchwa walipokula nguzo mbili za nyuma. Mmisionari alizunguka mji mzima akitafuta kitu cheusi cha kupaka mbao, akakosa, hadi mtu wa gereji alipomwonyesha pipa la oili chafu iliyotolewa kwenye injini za malori. Tangu hapo, kila mwaka kabla ya mvua ndefu, tuna Jumamosi ya Oili. Watu wote huja na nguo za kutupa na matambara. Nje tunapaka ukuta wote, ndani tunapaka hadi usawa wa mabega. Mchungaji naye hupaka. Kina mama hukaanga mandazi mbali kidogo, upande upepo unakotoka. Mwenye gereji wa sasa ni mzee Mborana, Mwislamu, lakini pipa letu hulitenga mwaka mzima na hataki mtu aliguse. "Hilo ni la kanisa," huwaambia vijana wake.

Ukipaka oili Jumamosi, Jumatatu bado unanuka. Ukikaa ibadani karibu na ukuta, unanuka mwezi mzima. Na mimi nakaa na shosho, karibu na ukuta.

Shuleni, msichana ninayekaa naye dawati moja, ambaye mama yake ana meza ya kuuza miraa pale stage ya matatu, ana ulimi ambao mwalimu mwenyewe huuogopa.

"Leo umeshuka na lori gani?" huniuliza asubuhi, mbele ya darasa.

Au, "Wee, umetoka sevisi? Wamekubadilisha na plagi?"

Au wakati wa somo la dini, kwa sauti ya chini inayofika kila mahali, "Nyinyi hubatizwa na maji ama na dizeli?"

Darasa hucheka. Nami hucheka pamoja nao, na hilo ndilo jambo ninalolionea aibu zaidi ya harufu yenyewe. Kuna mgeni mmoja darasani, mwanafunzi aliyehamia kutoka Kinna, aliyeniuliza mimi husali wapi. Nilimwambia kanisa la mawe lililo karibu na posta. Nilisema haraka sana, kama jina langu.

Kwa hivyo mchungaji alipotuita vijana, mwezi wa pili, akauliza tungewapokeaje wageni, mtu ambaye hakuwahi kufungua mdomo katika kikao alifungua.

"Mwaka huu tusipake oili," nilisema. "Tupake rangi. Nyeupe."

Mtu mmoja akapiga makofi, kisha wote. Mchungaji alitabasamu hadi nikaona jino lake la pembeni. "Mmesikia? Huyu hajawahi kuongea tangu Sunday school, na siku ya kwanza analeta maarifa."

Shosho alikuwa mlangoni akiningoja twende nyumbani. Tulishika njia pamoja hadi tukapita soko la mifugo.

"Mbao hizo hazijui rangi," alisema.

"Shosho, wageni watatucheka."

"Nani aliyekuambia?"

Sikuweza kumwambia ni nani. Tulitembea. Alisimama kidogo kupumzisha goti, akanitazama.

"Wazee wataniomba nikatae," akasema. "Nitawaambia waache. Umesema kwa kikao. Miaka yote hii nimeomba nikusikie ukisema kwa kikao. Sasa nitakuwaje wa kwanza kukunyamazisha?"

Siku ya kununua rangi mchungaji alinichukua niende naye, kwa kuwa wazo lilikuwa langu. Mlangoni mwa duka la vifaa vya ujenzi simu yake ililia, akabaki nje akiongea. Muuzaji, kijana mwenye penseli sikioni, aliniuliza, "Mnapaka nini? Ukuta wa plasta ama mbao?"

Nyuma yangu kulikuwa na wanaume watatu wakingoja simiti. Niliwazia nikisema ni mbao, naye akiuliza zilipakwa nini, nami nikisema oili chafu ya malori, ya miaka yote, kanisani. Niliwasikia wakicheka kabla hawajacheka.

"Plasta," nikasema.

"Hapo sawa. Chukua rangi ya maji, itakaa."

Tulipaka Ijumaa. Rangi ilikuwa inateleza, inakusanyika vipele vipele, ikabidi turudie mara mbili, ya tatu nene. Hakuna aliyesema lolote, kwa sababu ilikuwa nyeupe, na weupe ule ulitulevya. Jumamosi kulikuwa na mawingu na baridi kidogo, na kanisa lilisimama pale kama limetoka kwenye kalenda. Boda boda zilipunguza mwendo. Msichana wa dawati langu alipita na mama yake, akasimama kabisa.

"Haiya," akasema. "Kumbe mnaweza kuwa watu."

Usiku ule nililala nikiwa na furaha. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumapili mawingu yaliondoka. Kufikia saa tatu bati la paa lilikuwa limeanza kulia kwa joto, na kanisa lilikuwa limejaa. Wageni waliwekwa mahali pa heshima, benchi la shosho, karibu na dirisha la pili, na shosho pembeni yao akiwa amejifunga mabegani kitambaa chake cheupe cha Krismasi. Mchungaji aliniita nisome historia ya kanisa, ambayo shosho alinisimulia nami nikaiandika vizuri. Vizuri, ndiyo, ila mahali pa oili niliparuka. Kwenye karatasi yangu mchwa walikula nguzo, na sentensi iliyofuata kanisa lilikuwa limeshasimama imara.

Baada ya tone la kwanza lilikuja la pili, kisha ukuta mzima ukaanza. Joto lilikuwa linavuta oili kutoka ndani ya mbao. Rangi ilivimba, ikafanya utando kama ule wa maziwa yaliyochemka, na chini ya utando mafuta yalikuwa yanatembea. Nilisoma. Watu walikuwa wananitazama mimi, kwa hivyo ni mimi peke yangu niliyeona. Nilisoma jina la mti, nilisoma habari za misumari na kikombe cha bati, na huku nikisoma nilikuwa naona mgongo wa yule mama ukizidi kuzama kwenye ukuta, akifurahia.

Nilipomaliza walipiga makofi. Mchungaji akasema tusimame tuimbe.

Mama yule aliposimama, ukuta ulisimama naye. Kipande cha rangi kikubwa kama trei kilibanduka na gauni lake, kikaning'inia begani, kikaanguka. Mgongo wote ulikuwa wa kahawia. Shosho naye, kitambaa chake kilikuwa na ubavu mmoja mweupe na mmoja mweusi. Kwaya ya kina mama iliyokuwa imeegemea upande wa pili iligeuka kutazama, na tukaona migongo yao.

Wimbo ulikufa katikati. Katika kimya hicho mtoto mdogo wa mstari wa mbele alisema, kwa sauti safi kabisa, "Mama, kanisa limejikojolea."

Watu walicheka kwa namna ile ya kuzuia, inayotoka puani. Mzee mmoja kati ya wale waliotaka kubomoa hakucheka. Alishika ukuta kwa kidole, akakitazama kidole, akasema bila kukasirika, "Sasa mmejionea. Hizi mbao zimekwisha. Zinatoa maji kama kidonda." Wenzake wakatikisa vichwa. Nilitaka kusema si maji, si kuoza, ni oili, na rangi ni mimi. Nilikunja karatasi yangu hadi ikawa ndogo kama tembe.

Mama mgeni alikuwa amevuta gauni lake mbele ili aone. Halafu akainamisha uso akanusa bega lake. Akanusa tena. Akamwuliza mchungaji swali.

"Anauliza chini ya rangi kuna nini," mchungaji alisema, na alikuwa ananitazama mimi. Kila mtu alijua rangi ilikuwa ya nani. Nilitazama saa.

Shosho ndiye aliyejibu. Alikuwa ameshafungua kitambaa chake, amekikunja upande safi ukiwa nje. "Mwambie ni oili ya magari. Mwambie baba yake alituanzishia, na hatujaruka hata mwaka mmoja." Akakibana kitambaa kwapani. "Ila huu."

Mchungaji alipotafsiri, yule mama alikaa chini, palepale kwenye oili. Alitoa simu kwenye mkoba akatafuta picha, akampa shosho. Shosho akaitazama akanipungia mkono nije. Niliona kanisa letu. Paa lile lile, madirisha yale yale, mlango ule ule, katikati ya theluji. Na lilikuwa jeusi, jeusi kama sufuria ya mkaa.

Kwao, alisema, kanisa la mbao hupakwa utomvu wa miti uliochomwa hadi ukawa kama lami. Bila hivyo lingekuwa limeoza zamani. Siku ya kupaka mji wote hunuka, na alipokuwa msichana alichekwa shuleni kwa sababu baba yake alikuwa ananuka hivyo. Baba yake alizoea kusema aliacha kanisa jeusi kwenye jua, na yeye alikuwa amesafiri siku mbili ili aje alione. Jana alipofika akakuta jeupe, alidhani ameletwa kwingine, ila kwa adabu hakutaka kuuliza.

Alisema hayo yote bila kulaumu mtu. Nilitamani alaumu.

Baada ya ibada wazee walisimama na wageni chini ya mti nje. Mmoja wa wale wageni wawili, ambaye ni seremala, alitaka kuchunguza mbao kama zina uhai, lakini hakuna mahali angeweza kuona, zote zilikuwa chini ya rangi iliyojaa malengelenge. Aligonga hapa na pale kwa ngumi, akainua mabega. Wazee wakasema watakaa kesho jioni waamue, maana Jumanne wageni wanaondoka.

Nyumbani shosho aliloweka kitambaa chake kwenye beseni. Aliniita nilete sabuni, akaipaka, akasugua, akainua kitambaa kukitazama kwenye mwanga, akakirudisha.

"Hii haitoki," akasema.

"Pole, shosho."

"Ni kitambaa tu."

Nilimwambia kuhusu plasta. Nilimwambia nikiwa nimetazama beseni. Nilimwambia pia kuhusu kanisa la karibu na posta, na wale wanaonicheka, na kicheko changu. Alisugua muda wote huo. Mwishowe aliuliza, "Huyo msichana wa miraa, yeye hunuka nini?"

"Miraa."

"Na mama yake?"

"Miraa, shosho."

"Haya," akasema, na akamwaga maji.

Asubuhi niliondoka kabla hajachemsha chai. Nilivaa sketi yangu ya zamani ya shule ya msingi, inayonibana, nikachukua mtungi wa manjano tunaowekea maji ya kufulia. Mzee wa gereji alikuwa anafungua mlango.

"Salaam aleikum, mzee."

"Aleikum salaam, binti." Alitazama mtungi, akatazama sketi. "Pipa lenu limenikalia hapa tangu mwezi wa pili. Nilidhani mmesilimu bila kunialika."

"Tulipaka rangi."

"Niliona. Mji wote uliona." Alikuwa anafungua mfuniko wa pipa. "Mke wangu alisema kanisa limekuwa bibi harusi. Nikamwambia ngoja jua litoke." Alinijazia mtungi, akafuta kingo kwa tambara. "Nikuitie boda? Hii ni nzito."

"Nitabeba."

"Njia ya nyuma ni fupi."

Njia ya nyuma ni fupi kweli, na hupitwa na mbuzi na watoto tu. Mwaka jana niliposaidia kubeba, nilipita huko.

Nilipita stage. Mfuniko wa mtungi haukufunga vizuri, na kila hatua ulinitemea kidogo mguuni, hadi soksi ikawa imeshikana na ngozi. Makondakta walikuwa wanaita abiria wa Nanyuki. Msichana wa dawati langu alikuwa amekaa kwenye meza ya mama yake, anafunga miraa kwa majani ya mgomba, na alianza kutabasamu nikiwa bado mbali.

"Wee. Umetoka sevisi?"

Niliweka mtungi chini, kwa sababu mkono ulikuwa umekufa ganzi na pia kwa sababu sikuwahi kumjibu na sikujua inafanywaje ukiwa unatembea.

"Bado," nikasema. "Ndiyo naenda. Kanisa letu ni lile la oili. Ukiwa na nguo ya kutupa, kuja usaidie."

Alifungua mdomo. Mama yake akacheka, lakini akimcheka yeye. Sijui uso wangu ulikuwaje. Masikio yalikuwa yanawaka. Nilibadilisha mkono nikaendelea.

Shosho alikuwa ameshafika. Alikuwa amekalia ndoo iliyogeuzwa, karibu na dirisha la pili, upande wa ndani, akikwangua rangi kwa kisu cha viazi. Rangi ilikuwa inatoka kama ganda la yai. Hakuniuliza nilitoka wapi. Alinisogezea kisu kingine, tukakwangua, hadi ubao mmoja ukaonekana wote, mwekundu kwa ndani, wenye mistari ya randa ukiutazama kwa upande.

"Sukuma kisu," akasema.

Niliweka ncha kwenye ubao nikasukuma. Kikakataa. Nikasukuma kwa mikono miwili, kikakataa tena, kikaacha alama ndogo kama ya kucha.

"Jioni wazee wakija na yule seremala," shosho akasema, "wewe ndiye utawaonyesha hapa. Na utawaambia plasta."

"Mimi?"

"Kwani ni mimi niliyesema kwa kikao?"

Nilifungua mtungi, nikachovya tambara, nikapiga magoti, nikaanza kupaka kutoka chini, mahali mchwa huanzia.